Nozo ya Nyuma

Inspekta alimkatia bosi wake simu katikati ya sentensi. Hakuwa amewahi kufanya hivyo, na alishangaa jinsi ilivyomburudisha. Bosi alitaka faili lifungwe leo hii: fundi ameseti injini vibaya, injini imepasuka na kuwaka, kijana amekufa, fundi yuko mahabusu, sasa mama unatafuta nini tena? Alikuwa akitafuna kitu wakati anasema hayo.

"Koplo," aliita. "Niletee yule fundi, Sikio, huku nyuma."

"Afande, si anapelekwa mahakamani kesho?"

"Basi leo bado ni wangu. Mlete."

Nyuma ya kituo, chini ya turubai, lilikuwepo lile gari. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, fupi kwa kimo, upande wa mbele umeungua mpaka rangi imebaki jina tu. Poda nyeupe ya mtungi wa kuzimia moto, aliyoimwaga dereva wa lori aliyefika wa kwanza, ilikuwa bado imetapakaa juu ya injini na kugandana na oili. Mafundi wa serikali walitoa turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na bomba za ekzosi kwa chini, wakachungulia, wakaandika mistari michache ya kumfurahisha bosi, wakaenda zao. Juu hawakugusa. Marehemu alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao, na mtaa mzima ulimwita Kitinda, hata askari walioandika maelezo.

Sikio aliletwa na pingu mikononi, mwembamba, macho mekundu, mdomo umetangulia.

"Mmechoka kunihoji kivulini, sasa mnanihoji juani?"

"Ingia chini uchungulie, uniambie unaona nini."

"Nimeomba hivyo tangu siku mliyonikamata. Mlinijibu kwa mateke."

"Aliyekupiga teke nitamshughulikia. Chungulia kabla sijaghairi."

Jina la Sikio alilipata kazini. Alipokuwa akiseti gari alikaa kiti cha abiria, kompyuta mapajani, hedifoni kichwani, na kutoka kwenye hedifoni mrija mrefu ulikwenda mpaka kwenye kipande cha shaba alichokifunga mwilini mwa injini. Injini ikianza kugonga ndani, yeye husikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na humwambia dereva aachie mafuta. Watu walimletea magari kutoka mbali kwa ajili ya masikio hayo, na walimvumilia kwa ajili hiyo hiyo, maana ulimi wake haukuwa na breki.

Alilala chali chini ya gari, tochi mdomoni. Alikaa humo kwa muda. Alipotoka alikuwa hana kiburi, ana hasira tu.

"Afande, njoo mwenyewe. Usiniamini mimi."

Inspekta alikunja sketi ya sare na kulala chini kando yake. Sikio alimwelekeza. Injini hii haikuwa na pistoni. Ilikuwa na vyuma viwili vya pembetatu vinavyozunguka, rota, kimoja mbele na kingine nyuma, kila kimoja chumbani mwake, na kwenye kila ncha ya pembetatu kuna sili ya kuziba upepo, nyembamba kama ukingo wa rula. Kupitia tundu la ekzosi la mbele aliiona sili, nzima, imenyooka. Kupitia tundu la nyuma aliona ncha tupu, imeng'atwang'atwa.

"Vipande vya sili vilitokea humo vikaingia kwenye turbo," alisema Sikio. "Turbo ikapasuka, oili ikamwagikia chuma chekundu, ndio moto wenu huo. Sasa niambie. Kompyuta ya gari hili ina namba zangu, na namba ni zilezile kwa rota zote mbili. Haina mtoto inayempenda zaidi. Ningekosea mafuta, ningekosea cheche, zingekufa zote. Kwa nini amekufa wa nyuma peke yake?"

"Wenzangu wanasema kipimo cha kwenye ekzosi kimeonyesha mafuta yalikuwa pungufu."

"Kipimo ni kimoja, kinanusa moshi wa vyumba viwili ukishachanganyika. Mmoja akishiba na mwenzake akilala njaa, kitasema wote wamekula kidogo."

"Na huyo wa nyuma alilala njaa kwa nini?"

"Kila chumba kina nozo mbili za petroli. Ndogo ni ya kutembea, kubwa ni ya kukimbia. Ile kubwa inaamka turbo ikianza kupuliza. Ya nyuma haikuamka. Upepo umeingia mwingi, mafuta kidogo, cheche ikapigwa humo, ikagonga. Injini ya pistoni inaweza kugonga mwezi mzima inakulalamikia tu. Hii ikigonga vizuri mara moja, imekwisha."

"Haikuamka kwa nini?"

"Ningejua ningekuwa hapa na hizi bangili?"

Inspekta aliinamia injini kutoka juu. Nozo kubwa zilikuwa mbili, kila moja na soketi yake ya waya, na soketi zote mbili zilikuwa zimeingia mahali pake. Alizitazama sana. Kisha akavaa glavu, akabonyeza kibanio cha soketi ya mbele na kuichomoa. Ndani mlikuwa safi, pini mbili za shaba zinang'aa. Akachomoa ya nyuma.

Ndani yake mlikuwa na poda nyeupe.

Ilikuwa imechanganyika na oili nyeusi na kushindiliwa mpaka chini, kama unga uliogandamizwa kikombeni. Inspekta aliinua kichwa akamwona Sikio naye ameshaona.

"Hii ilikuwa imechomolewa wakati moto unazimwa," alisema. "Mtu ameirudisha baadaye."

"Mbwa," alisema Sikio, taratibu. "Nani? Niambie ni nani."

"Tulia. Bado sijamalizana na wewe." Alichukua mfuko wa plastiki kutoka kwenye meza iliyokuwa kando na kuutupa juu ya bati la gari. Ndani yake zilikuwa hedifoni zenye mrija, mkono mmoja umevunjika. "Uliandikisha kwamba Kitinda mwenyewe alitaka kwenda peke yake, wewe ukabaki. Hizi nimeziokota kwenye majani, mwanzoni mwa barabara ya kiwanda mlikokwenda kulijaribu gari, mbali kabisa na ajali. Kitu kilichosahauliwa hakivunjiki mkono."

Sikio aligeuza uso kutoka kwenye mfuko.

"Nimekusimamia wiki nzima," alisema Inspekta kwa hasira. "Nimetukanwa na bosi kwa ajili yako. Ukinidanganya tena nakurudisha ndani na nameza ufunguo."

"Tuligombana." Sikio alizungumza akitazama pingu. "Tulikwenda naye mpaka pale polepole, injini ipate moto, turbo haijapuliza. Tukasimama. Akaanza. Jumamosi ana mashindano, anataka nguvu zaidi, nipunguze mafuta, nisogeze cheche mbele ipige mapema zaidi. Nikamwambia presha ikipanda cheche inarudi nyuma, inachelewa, haiendi mbele, hii si pikipiki ya babu yako. Akaniambia mimi mwoga. Nikavua hizo, nikazitupa, nikashuka. Nikamwambia nenda kafe."

Koplo, aliyekuwa amesimama kando, aliangalia pembeni.

"Na kwa nini hukuandikisha hayo?"

"Nimwambie polisi kwamba nilimwambia mtu nenda kafe, na akaenda akafa? Afande, wewe ungeniamini kwa lipi?"

Inspekta alitamani kumzaba kibao, na alijua kwamba kibao hicho kiliwastahili watu wengine wengi, bosi akiwemo. Akavuta pumzi. "Mara ya mwisho kuliona gari hili likikimbia zima ni lini?"

"Jana yake mchana. Tulilikimbiza, nozo zote zinafanya kazi, nilisikiliza mwenyewe. Jioni nikaliingiza gereji, pua ukutani kabisa. Ninavyofanya siku zote, boneti yake inafungukia mbele, hapo haifunguki. Asubuhi nikalikuta pua ukutani, sikuwa na sababu ya kufungua."

"Mtu akitaka kufungua boneti?"

"Alitoe ukutani kwanza, halafu alirudishe. Na asiliwashe. Injini hii ukiiwasha baridi ukaizima hapohapo inajaa petroli, itakugomea siku nzima. Sisi gari tunalisukuma."

"Sisi nani? Nani ana funguo za gereji?"

"Mimi. Profesa, fundi mwenzangu, tunagawana uwanja. Na Kaka Mkubwa, kaka yake Kitinda, jengo ni la familia yao."

Profesa alikuwa na tumbo la kuheshimika na kinyongo kikubwa kuliko tumbo. Gari lile lilikuwa mikononi mwake kabla ya Kitinda kumpokonya na kumpa Sikio, na alipoanza kulisimulia hilo hakuhitaji kuulizwa. Inspekta alimwacha aseme huku akizunguka gereji. Sakafu ilikuwa ya saruji, imesawazishwa vizuri. Ukutani, kwa kimo cha bampa, palikuwa na alama nyingi za mpira zilizopandana.

"Kwa hiyo ulifurahi injini ilipokufa," alisema.

"Injini, ndiyo. Nilicheka. Niliposikia na mtoto amekufa nilikaa chini. Usinitie kwenye hilo, dada."

"Jioni ya kabla ya ajali ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa upande wangu nafunga. Nikasikia boneti ikidondoshwa, puu. Nikajua Sikio anapiga watu mikwara na vyuma vyake."

"Sikio alikuwa ameshaondoka."

Profesa alijikuna tumbo. "Basi si Sikio."

"Na hukutuambia."

"Mliniuliza? Mlikuja hapa mkapiga picha, mkanywa soda zangu, mkaondoka."

Inspekta aliyameza hayo kwa sababu yalikuwa ya kweli. "Ulisikia injini ikiwashwa?"

"Hapana. Na lile likiwashwa vikombe vyangu vinacheza mezani. Kimya kabisa, halafu boneti."

"Sasa wewe ungetaka kulitoa gari pale ukutani, ungefanyaje?"

Profesa alimtazama kama anayeulizwa jinsi ya kunywa maji. "Si naliwasha nalirudisha nyuma? Nifanye nini kingine, nilibebe? Gari la kusukuma ni toroli."

Aliyasema kwa dharau safi, isiyo na hesabu nyuma yake. Inspekta alimwamini, kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa amekuja akitaka sana iwe ni yeye. Alikuwa anachukiza na ingekuwa rahisi.

Aliporudi kituoni alimkuta Koplo getini.

"Tangu gari lile liletwe, nani amelisogelea zaidi ya mafundi wa serikali? Profesa amekuja?"

"Hajakanyaga, afande. Hakuna mtu. Labda yule kaka yake marehemu, siku ile ile lilipoletwa. Alikuja kuchukua kiatu cha mdogo wake. Kimoja kilibaki ndani ya gari, mama yao alikuwa anakililia."

"Mlikuwa naye?"

Koplo alikohoa. "Alianza kulia, afande. Tukampa nafasi. Mtu mzima yule, kulia mbele za watu..."

"Mkampa nafasi." Inspekta alifumba macho. "Mkamwacha na ushahidi peke yake kwa sababu ya machozi. Koplo, ondoka mbele yangu kabla sijasema neno nitakalolijutia."

"Yuko ndani, afande. Kaka Mkubwa. Amekuja na mama yake, anauliza Sikio anashtakiwa lini. Ni mkali kweli."

"Mama abaki kwenye benchi. Yeye mlete kule nyuma."

Kaka Mkubwa alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, meneja wa ghala, mwenye kuzoea kusikilizwa. Alianza kufoka kabla hawajafika kwenye gari. Wiki nzima! Mama yake halali, hali, anauliza kila asubuhi yule muuaji amefungwa au bado. Polisi wa nchi gani hawa? Huku akifoka aliokota nati iliyoanguka chini na kuiweka mezani, pamoja na nyingine. Kamba ya turubai ilikuwa imelegea, akaifunga upya, fundo la nguvu, bila kuitazama.

Inspekta alimwangalia mikono.

"Mzee wenu ndiye aliyewafundisha magari?" aliuliza.

"Hili hasa lilikuwa lake. Lilimvunja mgongo kwenye mashindano, akalala kitandani mpaka akafa. Mama alitaka liuzwe chuma chakavu. Kitinda akaapa mbele yake kwamba atalifufua tu, hatashindana nalo."

"Na Jumamosi alikuwa anashindana."

"Alijiandikisha kimyakimya. Mama alijua kupitia kwangu." Akapandisha sauti tena. "Hayo yanahusiana vipi na fundi aliyeseti injini kama kipofu?"

"Fundi hakukosea. Nozo kubwa ya nyuma ilichomolewa soketi jioni ya kabla. Gari lilisukumwa, halikuwashwa, kwa hiyo si Profesa, yeye angeliwasha. Boneti ilidondoshwa, Profesa akasikia."

"Basi ni Sikio. Nilijua."

"Ningesema hivyo. Ningekuta soketi inaning'inia ningesema Sikio ameisahau, na angefungwa, na mimi ningelala usingizi mzuri." Inspekta alichukua soketi ya nyuma na kuielekeza machoni pake, ile poda ionekane. "Lakini mtu ameirudisha baada ya moto kuzimwa. Sikio alikamatwa palepale barabarani. Profesa hajafika hapa. Aliyefika hapa ni mmoja tu, alikuja kuchukua kiatu."

Kaka Mkubwa alitazama soketi.

"Ulikuwa umeshaponyoka," alisema Inspekta, na hasira yote aliyoibeba tangu asubuhi ilikuwa imefika kwenye meno yake. "Ungeiacha tu. Kwa nini uliirudisha?"

"Sijui."

"Unajua."

"Ilikuwa inaning'inia." Alisema kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. "Nilikuja kuchukua kiatu, kweli. Nikaiona inaning'inia. Baba alikuwa akikuta waya umeachwa unaning'inia tunachapwa wote wawili, mimi na Kitinda, bila kuuliza ni nani. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilisikia tu ikilia tiki."

Koplo, aliyewafuata na daftari, alikuwa ameacha kuandika.

"Nilitaka injini ife," alisema Kaka Mkubwa. "Injini. Ife kabla ya Jumamosi, akose gari, basi. Mama alikuwa ananiambia kila siku, wewe ndiye baba yake sasa, mzuie. Nilimzuia kwa maneno akanicheka. Nikasema itagonga, sili zitavunjika, watarudi wanalivuta kwa kamba, atanuna mwezi mzima."

"Ulimwacha mdogo wako akanyage mafuta kwenye injini uliyoiua mwenyewe."

"Sikio angekuwemo!" Alipiga bati la gari kwa ngumi. "Sikio huwa yumo siku zote. Hajawahi kumwacha mtu akimbize gari peke yake, kila mtu anajua. Ingeanza tu kugonga angesikia, angemwambia achia. Nilimtegemea yeye. Kwa nini hakuwemo? Mlimuuliza hilo?"

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

"Atalisema mbele ya hakimu. Geuka, lete mikono."

Aligeuka mwenyewe, taratibu. Pingu zilipofunga alisema, akiutazama ukuta, "Mama asijue kwamba ni mimi. Afande, nakuomba. Sema lolote lingine."

"Wiki nzima ulikuwa tayari Sikio afungwe, ana watoto," alisema Inspekta. "Usiniombe kitu."

Kwenye kaunta, Koplo alimrudishia Sikio mkanda, kamba za viatu na simu. Inspekta alimweleza mwenyewe, bila kupamba. Sikio alisikiliza huku akitukana chini chini, akipitisha mkanda kwenye suruali kwa vidole vya hasira.

"Nitamtafuta hata huko jela."

"Hutamtafuta. Na kuna neno moja limebaki, bora ulisikie kwangu kuliko mahakamani. Aliichomoa kwa sababu aliamini utakuwemo kwenye gari. Aliamini ungesikia."

Mkono wa Sikio ulisimama kwenye kifungo cha mkanda.

"Ningesikia," alisema. "Haijagonga mara ya pili ningesikia."

"Najua."

Koplo alimsukumia mfuko wa hedifoni. Sikio aliutazama, akauacha pale pale, akaelekea mlangoni.

Kwenye benchi la mapokezi mama yao alikuwa ameketi, kiatu cha Kitinda ndani ya mfuko mapajani. Alimwona Sikio akitoka bila pingu, akasimama kwa shida.

"Wamekuachia? Umeniulia mwanangu na wanakuachia?"

Inspekta aliharakisha kutoka nyuma ya kaunta, akijua jinsi ulimi ule ulivyo, akijua jibu alilokuwa nalo na haki aliyokuwa nayo ya kulitoa. Sikio alisimama mbele ya yule mama. Alikitazama kiatu, akamtazama usoni.

"Nisamehe, mama," alisema, akatoka.

Mama alibaki ameduwaa. Kisha akaketi tena, akanyoosha mfuko mapajani, akaangalia mlango wa nyuma ambao mwanawe mkubwa alikuwa amepitia.

"Huyu mwanangu amekawia," alimwambia Inspekta. "Mwambie basi tuondoke, nimechoka."

Simu ya bosi ilikuwa inaita mfukoni. Inspekta aliizima, akakaa kwenye benchi kando ya yule mama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na hasira ya kumsaidia kusema lililobaki.